Kamba ya Foronya

Bwenini, 4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na kikohozi cha kaka, kimepungua au bado anakiendesha pamoja na lori lake? Mimi mzima, nakula, nalala, sina ninacholalamikia ila malengelenge ya vidole.

Nimefika salama na wamenipa chumba na msichana mwingine, mpole, anakoroma kidogo. Chuo chenyewe, mama, ungekiona ungekaa chini. Nyasi zimekatwa mpaka unaona aibu kuzikanyaga. Asubuhi tunasimama kwenye mstari, kila mtu na fimbo yake na kikapu cha mipira, tunapiga kuelekea bendera za mbali. Nyuma yetu kuna kamera. Ukishapiga unaitwa na Kocha kujiangalia kwenye kioo cha kompyuta, polepole, kama unavyotazama picha za harusi.

Wenzangu wanainua fimbo juu, juu kabisa, halafu wanaishusha. Yangu haipandi huko. Inazunguka mgongoni na kurudi. Siku ya kwanza mmoja akasema, "Huyu anapiga gofu au anafagia?" Tangu hapo naitwa Ufagio. Nilicheka nao, lakini moyoni nimesema hapana. Nimeanza kuinua fimbo kama wao.

Mwezi wa tisa kuna mashindano ya mchujo. Watakaopita wanapata kadi ya kucheza kwa kulipwa. Wasiopita wanafunga virago, chuo hakiwapi nafasi ya kurudia. Usiwe na wasiwasi. Mwanao nitapita.

Msalimie mjomba. Mwambie ile fimbo kuukuu aliyoniokotea kwenye nyasi za gofu alizokuwa anakata ninayo hadi leo, iko chini ya kitanda.

Mwanao,
Twiga


Nyumbani, 19 Machi

Twiga wangu,

Marahaba mwanangu, marahaba mara mia. Magoti yapo, yananisindikiza. Kaka yako kapona, sasa ananisumbua na njaa tu.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, kisha nikamsomea mjomba wako, kisha fundi viatu hapo nje, kisha mama wa chumba cha pembeni, ambaye hakuniomba. Mjomba wako aliposikia habari ya fimbo alijifanya ameingiwa na mdudu jichoni. Fundi viatu ameniuliza, eti kwenye gofu anayepiga mara nyingi ndiye mshindi? Nimemjibu ndiyo, kwa sauti kubwa, ili asiulize tena. Kama nimekosea nirekebishe haraka kabla hajaenda kuulizia kwingine.

Nani huyo anamwita mwanangu Ufagio? Mwambie kwamba mama yako ni dobi, anajua kukamua kitu mpaka tone la mwisho. Mwambie hivyo hivyo.

Kazi nyingi. Nyumba ya wageni wameongeza vyumba, kwa hiyo shuka na foronya zimeongezeka. Naanika kwa kupanda stuli, nashuka, naisogeza, napanda tena. Mama wa chumba cha pembeni anakaa mlangoni akinitazama kama sinema. Juzi kaniuliza kwa nini mtu mfupi kama mimi anajitesa na kamba iliyo juu hivyo. Nikamwambia ashughulike na sufuria lake, linaungua. Na kweli lilikuwa linaungua.

Kula vizuri. Usiogope watu. Wewe ndiye mimi, ila mrefu.

Mama yako


Bwenini, 11 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo.

Mwambie fundi viatu kwamba anayepiga mara chache ndiye mshindi. Samahani.

Mazoezi yanaendelea. Mambo mengi, nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mwanao


Nyumbani, 2 Juni

Wewe Twiga,

Sikuulizi hali, maana niliyoandikiwa mara ya mwisho hata daktari asingejua kama mgonjwa anapumua. "Sijambo"! Hujambo nini? Mimi nimekuzaa. Najua unavyofunga mlango ukiwa na furaha na unavyoufunga ukiwa na donge. Barua ile uliifunga na donge.

Na hukutia sahihi ya jina lako. Mwanao! Mwanangu yupi? Ninao wawili.

Huku nyumbani watu wananisimamisha njiani. "Mama Twiga, vipi huko?" Naringa, najibu anawatoa jasho. Kichwa kimenivimba mpaka kitambaa hakitoshi. Sasa kama naringia hewa, niambie, nijue ninaringia hewa. Sitaacha kuringa, lakini nataka kujua.

Andika ukweli. Karatasi haina macho.

Mama yako, ambaye amekasirika


Bwenini, 24 Juni

Mama,

Shikamoo mama. Nisamehe. Naomba magoti yawe mazima kabla hujasoma hii, au kaa kwenye stuli.

Sichezi vizuri. Siku moja napiga mpira mpaka wenzangu wanasimama kutazama. Kesho yake, mimi yuleyule, fimbo ileile, mipira inakwenda msituni kana kwamba imeitwa. Keshokutwa inakwenda upande wa pili, kwenye maji. Sijui kwa nini. Hicho ndicho kinachoniua: sijui. Ningekuwa mbaya kila siku ningejua mimi ni mbaya. Sasa sijui nitaamka nani.

Juzi Kocha kaniita. Nilidhani ananifukuza. Kumbe kanikalisha akaniambia, "Nielezee mzungusho wa fimbo wa mwenzako wa kulia." Nikamwelezea vizuri kabisa, unaanzia wapi, mikono inasimama wapi. "Wa kushoto?" Nikaelezea. "Wa kwako?"

Mama, ni kama nimeulizwa jina la baba wa jirani. Nikasema, napiga kama wao. Akawasha kompyuta akanionyesha. Katika mapigo yale nilimwona msichana mmoja anainua fimbo juu, mwingine anaipitisha chini mgongoni, na mwingine anaanza juu halafu anajuta katikati. Wote watatu wamevaa shati langu.

Hakunigombeza. Alisema, "Siwezi kunyoosha kitu ambacho mwenyewe hakijui. Nenda katafute unapigaje. Ukiweza kunielezea, tutafanya kazi. Sina shida ukipiga kama unafagia, mradi ufagie vilevile kila siku."

Sasa nakuuliza wewe, maana nimewaza na kuwaza na hakuna mwingine. Nilipokuwa nyumbani, nikirudi shule, napiga ule mpira wa soksi pale uani, wewe ulikuwepo kila siku na beseni lako. Nilikuwa napigaje?

Usimwambie fundi viatu.

Twiga wako


Nyumbani, 9 Julai

Twiga wangu,

Marahaba. Nimekaa kwenye stuli, nimesoma, nimelia kidogo, nimepuliza pua, nimemaliza. Hasira zimekwisha. Fundi viatu sijamwambia. Nimemwambia tu kwamba Kocha anakutegemea umfundishe kitu, na huo si uongo ukiuangalia vizuri.

Eti ulikuwa unapigaje. Mwanangu, mimi gofu siijui. Mimi nilikuwa najua foronya zangu zilivyo. Nitakwambia ninachokumbuka, wewe utachambua.

Ua wetu unaujua, ukinyoosha mikono unagusa kwa jirani. Huku kuna ukuta, huku kuna mfereji, shuka zinachukua upande wote wa jua. Ulikuwa umebakiwa na pale mbele ya dirisha la jikoni, chini ya kamba ya foronya. Hapo ndipo ulipojipa uwanja. Siku za mwanzo ulikuwa unainua hiyo fimbo ya mjomba wako juu, unakwangua foronya, zinaanguka matopeni. Nilikuwa nafua mara mbili kwa ajili yako! Siku moja uliishusha kamba nzima, foronya za wageni zikalala mferejini, nikakukimbiza na kandambili mpaka kwa fundi viatu. Ukumbuke hiyo.

Basi ukajifunza. Ukawa unaizungusha fimbo chini chini, inapita mgongoni, inarudi, foronya juu ya kichwa chako hata hazitikisiki. Mimi nimekupa mgongo nasugua, nasikia tu: fyuu, pa. Fyuu, pa. Ukikosea ulikuwa unasikika. Sauti inakuwa fyu-fyuu, halafu unasonya.

Hayo tu. Kama yatakufaa, mshukuru Mungu na foronya.

Mama yako


Bwenini, 27 Julai

Mama mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena! Hujambo? Kaka hajambo? Foronya hazijambo?

Nilisoma barua yako nimesimama, kisha nikatoka mbio bila viatu. Yaani mimi nimekuja huku kwenye uwanja usio na mwisho, juu mbingu tupu, nikajiona hatimaye niko huru, naweza kuinua fimbo nitakavyo. Kumbe hapo ndipo ninapopotea. Mzungusho wangu una dari, mama. Wewe ndiye uliyeijenga, kwa kandambili.

Nikaomba ruhusa nikasimika vijiti viwili pembeni ya uwanja wa mazoezi, nikafunga kamba, nikaanika foronya yangu na ya mwenzangu anayekoroma. Kamba niliiweka sawa na ule msumari wa nyumbani unaoshikilia kamba yako, juu kidogo ya dirisha la jikoni. Nakumbuka msumari ule, niliupima kwa macho miaka yote.

Wote wakaja kutazama. Ufagio leo anafua! Nikapiga. Foronya ikaruka na fimbo. Nikaanika, nikapiga, ikaruka tena. Mara ya tatu ikaenda kumfunika Kocha uso mzima. Watu walicheka mpaka wakakaa kwenye nyasi. Nilitamani ardhi inimeze.

Kocha kaitoa usoni, kaikunja vizuri, kanirudishia. Kasema, "Uko karibu. Kuna kitu umekisahau."

Mama, ni nini? Nyumbani foronya zilikuwa hazinigusi. Najua hazinigusi. Au nimerefuka tena tangu nije? Msumari uko palepale, sivyo? Umebaki mwezi na nusu. Naogopa.

Twiga


Nyumbani, 13 Agosti

Twiga, Twiga, Twiga,

Marahaba. Tumecheka huku mpaka mjomba wako kapaliwa. Kocha kafunikwa foronya! Natumaini ilikuwa safi, usije ukaniaibisha, watu wanajua mimi ni dobi.

Msumari uko palepale, mwanangu. Haujasogea tangu uzaliwe. Uliousahau ni mti.

Ule mti mwembamba wenye panda, unaoitegemeza kamba katikati! Kamba inaanza kwenye msumari, lakini katikati nimeisukumia juu kwa mti huo. Wewe hukuwa unasimama kwenye msumari, ulikuwa unasimama katikati.

Sasa nitakwambia jambo ambalo sikuwahi kukwambia, kwa sababu lilikuwa halina haja. Ulipokuwa mdogo mti ulisimama chini, juu ya udongo. Kisha ukaanza kurefuka, na ulirefuka bila adabu, kila nikishona sketi inakuwa fupi. Nikaona siku moja foronya zinaanza kukugusa nywele na wewe unaanza kuinama ili upige. Unapinda mgongo kama mwizi. Asubuhi yake, ulipokwenda shule, nikatia tofali chini ya mti. Ukarudi, ukapiga, hukuona kitu. Ukarefuka tena, nikatia jingine. Hivyo hivyo mpaka ulipoondoka. Hukuwahi kutazama chini. Macho yako yalikuwa kwenye mpira wa soksi.

Mwanzoni nilisema moyoni nalinda foronya za watu. Lakini usinione mjinga, kama ni foronya tu ningekufukuza ukachezee njiani na nisingeongeza tofali hata moja. Niliipenda ile sauti. Nilikuwa nafua siku nzima nimeinama, mgongo unawaka moto, halafu unarudi wewe, fyuu, pa, nami najua kuna mtu katika ua huu anafanya kitu chake sawasawa. Sikutaka ujifunze kuinama. Anayeinama hapa ni mimi, na inatosha.

Haya. Usipime kwa msumari. Simama chini ya kamba umenyooka, foronya iache nafasi ya kiganja kimoja juu ya nywele zako. Ndivyo nilivyokuwa napima, nikikuita uje uninyooshee kamba, kumbe nakupima.

Piga moyo konde. Niandikie ukishamaliza, siyo kabla. Kabla nitakufa kwa presha.

Mama yako


Bwenini, 21 Septemba

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Kaa chini. Umekaa? Nasubiri.

Sikuandika kwa sababu ulinikataza, na kwa sababu kila jioni nilikuwa chini ya kamba. Nilipima kwa kiganja, kama ulivyosema. Pigo la kwanza, foronya haikutikisika. La pili hivyo hivyo. Halafu nikasikia, mama. Fyuu, pa. Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia mbele ya watu, na hakuna aliyeniita Ufagio siku hiyo.

Baada ya wiki Kocha kaniuliza tena, nielezee mzungusho wako. Nikamweleza. Unapita chini, unazunguka mgongoni, unarudi kutoka ndani. Kwa hiyo mpira wangu unaanza kulia halafu unakata kona kurudi kushoto. Kila mara. Zamani nilipouona unaanza kulia niliogopa, pigo lililofuata nikaulazimisha kwa mikono unyooke, ndiyo maana siku hii msituni, siku ile majini. Nilikuwa nagombana na mpira wangu mwenyewe. Kocha akasema, "Sasa unamjua mtu wako. Nenda kacheze naye." Na kamba akaamuru ibaki pale. Wengine wawili wameanza kuitumia.

Mchujo. Siku za kwanza nilicheza wastani, sikuwa juu wala chini. Siku ya mwisho nikafika shimo la mwisho, na msichana wa ubao wa matokeo akaninong'oneza kwamba nikipoteza pigo moja tu, nimetoka. Shimo lenyewe lina miti mirefu upande wa kulia na maji kushoto. Wote walionitangulia walipiga katikati, kwa woga, na mipira ya wengi ikaishia majini.

Mimi nikageuka nikaielekea miti. Yule anayekoroma, aliyekuwa kanibebea begi, akasema, "Dada, bendera iko kule." Nikamwambia najua. Nikafumba macho kidogo, nikaona ukuta, dirisha la jikoni, mgongo wako na beseni. Nikasikia foronya juu ya nywele, nafasi ya kiganja. Nikafumbua, nikapiga.

Mpira ukaenda moja kwa moja kwenye miti. Watu wakasema "Aaa!" kwa huruma, mama mmoja akashika kichwa. Mimi sikusogea. Ukafika kwenye miti, ukageuka, ukaanza kurudi taratibu, ukarudi, ukarudi, ukatua kwenye nyasi fupi karibu na bendera. Nasema karibu, ungeweza kuufikia kwa ufagio. Nikausukumia shimoni kwa pigo moja.

Nimepata kadi, mama. Jina langu lote limeandikwa, pamoja na la baba. Mwanao anacheza kwa kulipwa.

Walinipa kipaza sauti, wakaniuliza nilifundishwa wapi kupiga vile. Nikasema uani kwetu, na mama yangu, ambaye mpaka mwezi wa tano alidhani anayepiga mara nyingi ndiye mshindi. Walicheka na kupiga makofi, na makofi yale yalikuwa yako.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Nimeijua sababu ya stuli. Mimi siko hapo tena. Toa matofali, shusha kamba ikufae wewe. Magoti yako mama, yahurumie.

Wako, mwenye kadi,
Twiga


Nyumbani, 5 Oktoba

Mwanangu mwenye kadi,

Marahaba! Marahaba ya kusimama! Nilikaa ulipoagiza, nilipofika kwenye miti nikasimama, ulipoanza kurudi mpira nikapiga kelele mpaka kaka yako katoka bafuni na sabuni. Mjomba wako kaja na suti. Suti, mwanangu, ya harusi yake, imembana, kasema barua kama hii haisomwi na kaptula. Fundi viatu kashonea watoto wa mtaa mzima bure siku hiyo, na sasa ndiye anayewaeleza watu kwamba anayepiga mara chache ndiye mshindi, kana kwamba alilijua tangu tumboni kwa mama yake.

Najivuna. Nasema wazi, sioni haya. Nikienda kuchukua shuka nyumba ya wageni natembea katikati ya njia. Meneja kaniuliza ni kweli yule wa kwenye gazeti ni wangu, nikamwambia ndiyo, na foronya zako zimo katika habari ile, siku ile ulipolalamika zina alama ya fimbo ulikuwa unazuia historia.

Magoti ni mazima kwa furaha, kesho sijui.

Sasa hilo ombi lako. Nimelisoma mara nyingi. Kaka yako kalisoma naye, jana akaenda uani kimyakimya akaanza kutoa matofali. Nilimfukuza na kandambili, ileile. Nikayarudisha moja moja, nikasimama chini nikanyoosha mkono wangu nikaangalia, nikapandisha kidogo, maana kaka yako alikuwa kaharibu.

Kamba sishushi. Nitapanda stuli yangu, nitashuka, nitaisogeza, nitapanda tena. Mama wa chumba cha pembeni kanikuta asubuhi niko juu na vibanio mdomoni, kaniuliza lile swali lake tena, kwa nini mtu mfupi anaanika juu hivyo. Safari hii sikumtuma kwenye sufuria. Nilitoa vibanio mdomoni nikamjibu vizuri, nikamwonyesha kwa mkono, kutoka chini kwenye matofali mpaka juu kwenye foronya.

Nikamwambia, huo ndio urefu wa mwanangu.

Mama yako